Kadi za Papa Anselme na Mashine Yangu ya Plastiki

Chekeni kwanza mmalize, nitawangoja, maana nikishaanza sitaki mtu anikatize kwa kicheko, na mimi aibu hii nimeibeba vya kutosha, leo naitua hapa mezani. Ni kweli, yule mwanamke aliyezima umeme wa ukumbi mzima, ile salle ya kule Jette, akiwa na mashine ya kupigia plastiki mbele yake na watu wanapiga kelele, ndiye mimi Zuhura, waliowasimulia hawakuwadanganya. Ila hawakuwaambia kwamba kabla ya umeme kuzimika nilikuwa nimeshafanya baya zaidi.

Bon. Baba mkwe wangu ni Papa Anselme, baba yake mume wangu Patrick, mzee wa Likasi kule Katanga, mrefu, mkimya, shati limenyooshwa pasi hata akienda kutupa takataka. Tangu afiwe na mkewe anaishi na sisi hapa kwa Wabelgiji, mtaani Laeken, na miaka yote hiyo mimi na yeye tulikuwa tunaishi kwa adabu tupu: bonjour papa, bonjour Zuhura, chakula kiko tayari papa, merci Zuhura, basi. Hajawahi kunikosea. Lakini nilijua moyoni alikuwa amemtamania mwanawe msichana wa Katanga, wa kanisa lake, mpole, akaletewa mimi, Mwislamu wa Buyenzi, Bujumbura, mwenye mdomo huu mnaousikia. Nilikuwa kama mgeni asiyeondoka. Nilitaka anipende, jamani, niseme tu ukweli, nilitaka anipende mpaka ikawa ugonjwa.

Na yeye ana ugonjwa wake: kadi za besiboli. Si karata za kuchezea (mwaka wa kwanza nilimwambia Patrick, baba yako anacheza kamari chumbani, akacheka mpaka akakaa chini), ni vipicha vya wachezaji wa Marekani, vya ukubwa wa kiganja, ambavyo zamani viliuzwa pamoja na chingamu. Besiboli yenyewe hajawahi kuitazama ikaisha, anasema inamletea usingizi. Mambo yalianzia shuleni Likasi, alikokuwa na mwalimu Mmarekani ambaye kila mtoto aliyefaulu hesabu alimpa kadi moja, na papa alikuwa mkali wa hesabu. Alipofika Ulaya akaanza kuzitafuta nyingine kwenye masoko ya vitu vya mitumba, Jumapili baada ya Jumapili, mvua, baridi, yeye yumo tu.

Ukimkuta ameshakunywa chai yake atakutembeza miaka yote. Za miaka ya hamsini ni za kuchorwa, zina rangi kama mabango ya vinyozi. Za sitini kuna seti ina fremu ya kahawia kama mbao, mchezaji utadhani amekaa ndani ya kabati. Za themanini zilichapishwa nyingi kiasi kwamba ukizigawa barabarani watu watakurudishia. Lakini za mwanzo wa sabini, aah, hapo sauti yake inabadilika, maana ile seti anayoipenda ina pembeni nyeusi tii, na huo weusi ndio raha yake na ndio mateso yake, kwa sababu unabanduka kwa kitu kidogo tu na chini yake ni karatasi nyeupe. Watu wanatafuta kadi safi ya seti ile miaka na miaka hawaipati.

Alors, kuna club ya hao wagonjwa wenzake, Wabelgiji na Wamarekani wa mtaa wa Uccle, wanakutana kwenye salle ya chini ya ardhi kule Jette. Mara moja kwa mwaka wanapanga meza, kila meza na miaka yake kumi, na kila meza ina mtu mmoja wa kuitetea seti anayoiona bora, halafu watu wanapiga kura kwa kutumbukiza vizibo vya bia ndani ya chupa. Papa alikuwa anakwenda huko muda mrefu, anasikiliza, anasaidia kupanga viti, anarudi. Mwaka huu wakampa meza ya miaka ya sabini. Aliporudi na habari hiyo aliimba bafuni. Papa Anselme, wallahi, aliimba!

Ijumaa, siku mbili kabla ya mkutano, akaja dukani kwangu (mnalijua, kale kaduka ka fotokopi na picha za pasipoti), amevaa koti la kanisani, amekumbatia kopo la biskuti lenye kadi kama thelathini. Alitaka nizikuze kwenye mashine abandike ubaoni nyuma ya meza yake.

"Zuhura," akasema, "ingine nilizipata ku masomo, ingine nilizitafuta huku miaka mingi. Minakuachia. Mi naenda kwa docteur."

"Usijali papa, ziko kwenye mikono mizuri."

"Ile noir inatokaka. Hata kupumua yulu yake, inatoka." Akaguna, akaziangalia kwa huruma, akaondoka.

Mtu ambaye hajawahi kuniachia hata remoti ya televisheni! Nilisimama pale kifua kimejaa. Fotokopi nikazitoa vizuri, safi, na kama ningeishia hapo leo tungekuwa tunaongea mambo mengine. Lakini mnakijua kiherehere changu. Kadi moja kona yake ilikuwa imebanduka, kinaonekana kidoa cheupe, na mezani kulikuwa na kalamu nene nyeusi. Nikasema, kidogo tu. Nikagusa. Ikapendeza! Ila sasa ile ya jirani yake ikaonekana imechakaa, nikaigusa na hiyo, kisha ya tatu, isije ikajisikia vibaya, nikajikuta nimezizunguka zote, ulimi nje kama mtoto anayepaka rangi.

Wino haukukauka. Ndiyo, karatasi ile inateleza, wino unakaa juu, na kidole changu gumba kikaacha alama kwenye shavu la mchezaji mmoja mwenye masharubu, nikafuta kwa kitambaa, weusi ukaenea shavu zima. Sasa papa atazishikaje mbele za watu bila kupaka wino mikono yake na shati lake lile? Nikageuka, na hapo pembeni mashine ya plastiki imewaka taa yake, iko moto, inanitazama.

Kabla hamjanihukumu, mnikumbuke nimetoka wapi. Kwetu Bujumbura kitu ukikipenda unakipiga plastiki. Diploma, kitambulisho, cheti cha ndoa, picha ya marehemu, vyote plastiki, kwa sababu kuna mvua, kuna mende, kuna watoto wenye mikono ya mafuta, na kitu kisicho na plastiki hakina mwenyewe. Mama yangu alikimbia vita na vitu vitatu kwenye kanga, na vyote vilikuwa vimepigwa plastiki. Mimi kwangu hiyo ndiyo heshima kubwa ninayoweza kumpa mtu. Patrick angenizuia, lakini Patrick alikuwa na lori lake huko Uhispania, simu haishiki.

Nikazipiga. Zote. Zilitoka zinang'aa, wino umetulia, weusi umekaa, hata shavu la yule wa masharubu sasa lilionekana ni kivuli tu. Nikazifunga kwenye mtandio wangu wa hariri, nikazirudisha koponi, na jioni nikamwambia papa asifungue, ni surprise. Akatabasamu. (Lile tabasamu linaniuma mpaka leo.)

Jumapili tukapanda tramu, yeye na kopo lake, mimi na kikapu cha magurudumu, na ndani ya kikapu, mniombee, nilikuwa nimeweka mashine. Kwa nini? Kwa sababu nilisema watu wakiona kazi ile watataka na zao, nisije nikawaangusha.

Salle ilijaa. Meza ya miaka ya hamsini alikuwa nayo Madame Peggy, Mmarekani wa Uccle, mama mzuri mwenye nywele nyeupe, na jirani yetu kulikuwa na bibi anayeoka gaufres, zile keki za vishimo vishimo. Mwenyekiti, Monsieur Luc, akatangaza meza ya sabini, watu wakasogea, papa akakohoa, nikavuta mtandio.

Madame Peggy akaweka mkono mdomoni. Mzee mmoja akavua kofia. Nikasema moyoni, ona heshima hiyo! Papa mwenyewe alikuwa ameinama juu ya meza, midomo inatembea bila sauti, nikadhani furaha imemzidi, basi nikaona nimsaidie kuongea.

"Mesdames et messieurs," nikasema, "kazi hii nimeifanya mimi mwenyewe, na mkitaka na zenu, mashine ninayo hapa hapa, nitawafanyia bei ya kirafiki!"

Wakatazamana. Nikadhani hawajaelewa, Wazungu wengine mpaka uwaonyeshe. Nikachomeka mashine kwenye ile rallonge, waya wa umeme wa yule bibi wa gaufres, nikangoja ipate moto huku nawachekea, kisha nikanyoosha mkono kwa Madame Peggy nikachukua kadi moja iliyokaa peke yake juu ya kitambaa chekundu, nikaitia kwenye plastiki yake, nikaielekeza mashineni.

Sijawahi kusikia mtu mzima akipiga kelele vile. Na papa nyuma yangu: "Zuhura! Hapana! Acha! Acha, bana!" Mashine ikang'ata ncha ya plastiki, gaufres zikavuta umeme wake, mashine ya kahawa ikavuta wake, paf! Giza.

Kukawa na kishindo cha viti, mtu akakanyaga mguu wangu, simu zikaanza kuwashwa moja moja. Monsieur Luc akaja na taa yake, akaivuta ile plastiki polepole kama daktari, akaigeuza huku na huku. "Ni nzima," akasema. Salle nzima ikapumua, na Madame Peggy akakaa chini akaanza kulia.

Ndipo yule mwenyekiti akanieleza, kwa sauti ya mtu anayeleta habari za msiba, kwamba kadi ikishagandishwa na plastiki haitoki tena, ukijaribu kuibandua picha inakuja na plastiki yake, na hakuna mkusanyaji duniani atakayeihesabu. Akaziangalia pembe za kadi za papa kwa taa, akauona na ule wino wa kalamu, akafumba macho. "Kwetu sisi, madame, hizi zimeshakufa."

Nikamgeukia papa. Uso wake umemulikwa na simu ya mtu, amezeeka ghafla.

"Hata ile ya kwanza?" akaniuliza. "Ile mwalimu alinipatia?"

"Hata ile, papa."

Akavuta kiti, akakaa. Mimi nilikimbilia jikoni kwao, nikajiinamia kwenye sinki, nikalia kwa sauti, kilio cha matanga kabisa, na yule bibi wa gaufres akaja akaniwekea gaufre mkononi. Niliila pia, nitadanganya nini.

Umeme ukarudi. Nikamsikia Monsieur Luc anasema kwa upole, Anselme, unaweza kupisha mwaka huu, hakuna atakayekulaumu. Na papa akajibu, "Non. Hii meza niliingojea." Akasimama. Akaieleza ile seti yote, Likasi, mwalimu, hesabu, jinsi weusi ulivyokuwa unampotea vidoleni tangu utotoni, na kwamba anayeipenda seti ile lazima akubali kuipenda na makovu yake. Kisha akainua kadi moja inang'aa chini ya taa, akasema, "Enfin, zangu hazitabanduka tena." Wakacheka. Akacheka na yeye, kidogo, kwa uchungu. Vizibo alivyopata vilikuwa vya kuhesabu kwa vidole, Madame Peggy akashinda, na ilikuwa haki yake, maskini, baada ya niliyomfanyia.

Tulipoingia kwenye tramu nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha, lakini hakunipa nafasi. Papa Anselme, mkimya yule, aliufungua mdomo Jette akaufunga Laeken. Aligomba kwa Kiswahili, akagomba kwa Kifaransa, akamalizia na Kilingala, watu wanageuka kutuangalia: we ni mutu wa namna gani, kichwa yako iko wapi, nani alikutuma, unaona kitu unaweka plastique, kesho utaniweka na miye plastique! Nami nilivyo mjinga nikamjibu, "Na wewe papa, si ungeniambia! Miaka yote unakaa na kadi zako kimya, mtu atajuaje?" Akashtuka. Akanitazama. Akaendelea kugomba, kwa nguvu zaidi, na mimi najibu, mpaka tukapitiliza kituo chetu.

Toka siku hiyo mimi karatasi ya mtu siitii mashineni mpaka mwenyewe anitamkie mara mbili, tena mbele ya mteja mwingine awe shahidi, na kalamu nyeusi nimezitoa dukani, nauza za buluu tu. Nimekoma.

Patrick aliporudi safari alifungua mlango akatukuta jikoni tunapigiana kelele, mimi na babake, nani amefungua dirisha jua likaingia kwenye kadi, nani ameacha sufuria motoni, vidole vinapepea hewani. Akaangusha begi lake pale pale mlangoni.

"Papa, kuna nini? Mumegombana?"

Mzee hata hakugeuka. "Tuache," akasema. "Minaongea na mutoto yangu."