Dakika Thelathini na Tano hadi Pago

Lafaele alikuwa mpimaji wa abiria katika uwanja mdogo wa Fagalii, Apia. Ndege za Pago Pago ni ndogo, kwa hiyo kila abiria hupanda mzani na mzigo wake kwanza. Safari yenyewe si lolote: kilomita mia na thelathini hivi, dakika thelathini na tano. Ila tangu Samoa iliporuka siku moja ya kalenda Desemba iliyopita, na Pago ya Wamarekani ikabaki nyuma, ukiondoka Apia leo, Pago unafika jana. Watu walichanganyikiwa, na Lafaele ndiye aliyewafafanulia kutwa.

"Harusi ni lini, mama?"

"Jumamosi."

"Ya huku au ya huko?"

"Kwani Jumamosi ziko ngapi, we mtoto?"

"Siku hizi mbili, mama. Haya, panda mzani."

Kazi aliijua. Ugonjwa wake ulikuwa wivu, tena wivu wa kijinga. Mkewe Fuatino alipokwenda Pago kumwuguza shangazi yake, Lafaele alikataa mwenzake ampime. Alimpima mwenyewe, kilo zake akamnong'oneza rubani sikioni. Yote hayo kwa sababu ya Ioelu, mpiga gitaa wa kanisani huko Pago, aliyewahi kumposa Fuatino akakataliwa. Miaka tisa imepita, Ioelu ana watoto wanne na kitambi, lakini Lafaele akisikia gitaa tu, chakula hakishuki.

Fuatino alipiga simu kutoka kwa shangazi: "Mume wangu, napanda ndege ya Ijumaa jioni."

Ijumaa Lafaele akanyoa ndevu, akaenda uwanjani na palusami ya moto, majani ya magimbi kwa tui la nazi. Ndege ikatua, wakashuka watu sita. Fuatino hakuwemo, na simu yake haikupatikana. Akilini Lafaele akamwona Ioelu waziwazi, na gitaa lake, na kitambi chake. Roho ikamuuma hadi akaitupa ile palusami.

Akaenda moja kwa moja kwa Pesamino, kaka yake Fuatino. Sasa, kwa Wasamoa neno chafu juu ya dada halisemwi mbele ya kaka yake. Hata mlevi analijua hilo. Lafaele alilisema mlangoni, jamaa wote wakiwa wanakula.

"Dada yako yuko kwa mwanamume!"

Pesamino akaweka sahani chini. "Alikwambia anapanda ndege lini?"

"Ijumaa!"

"Na leo huko Pago ni siku gani, shemeji?"

Ilikuwa Alhamisi. Mganga hajigangi.

"Nisamehe, shemeji. Nimeteleza."

"Nimesikia mimi, kasikia mama, wamesikia watoto. Kamwambie mwenyewe."

Jumamosi Fuatino alishuka akicheka. Alipowaona mume na kaka wamesimama mbalimbali, kicheko kikakatika.

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu," Pesamino alisema. "Mumeo ana neno."

Lafaele alieleza yote, hakuficha. Kwa hilo tu nampa heshima yake.

"Nilikosea siku, mke wangu. Siku tu."

"Siku ulikosea, sawa," Fuatino alisema. "Na Ioelu ulimtoa wapi?"

Fuatino akampa kaka yake mfuko, akapanda gari la kaka yake, wakaondoka.