Gamba Moja la Kakakuona

Mume wangu alikuwa Bwana Nyama, mlinzi wa wanyamapori wa serikali, na kijiji chetu cha ujamaa, jirani na Kiranjeranje, hakikumpa raha. Tembo wakila mihogo, yeye huwaambia watu tembo ni mali ya taifa. "Basi taifa lije lipalilie," watani zake wakamjibu.

Siku alipookotwa kakakuona kwenye mikorosho, ndipo tulipogombana kweli. Mwanangu wa kwanza alikuwa na kifaduro, anakohoa mpaka midomo inageuka rangi. Mama mkwe akaninong'oneza: gamba moja tu, umfukize, atapona. Nikamwomba mume wangu. "Ukiling'oa nitakukamata," akasema, kofia ya kazi kichwani. Ndani ya nyumba, jamani! Nilimchukia, nisiseme uongo.

Kabla ya kumrudisha mnyama msituni, wazee walitaka awatabirie mwaka. Wakampangia jembe, unga, maji na mkuki. Atakachokiendea ndicho kitakachotujia. Kakakuona akajiviringa, kimya. Asubuhi yote ikaisha, watu wazima na akili zetu tumechutama tunamwangalia.

"Huyu keshajiunga na ujamaa," mtani mmoja akasema. "Anangoja wenzake walime."

Hata mwenyekiti wa kijiji alicheka.

Alasiri tukaondoka kwa baiskeli, maana msitu na zahanati vilikuwa njia moja. Mume wangu anakanyaga huku ananihubiria faida za wanyamapori. Mimi nyuma, mtoto mgongoni, kakakuona mapajani ndani ya kanga, na kisu cha jikoni pindoni. Njia nzima vidole vyangu vilikuwa vinachagua gamba.

Tulipofika msituni, yeye akaenda kuegesha baiskeli. Nikamweka mnyama chini, nikatoa kisu. Mwanangu akakohoa. Palepale kakakuona akalegea kidogo, na tumboni mwake nikaona kitoto cheupe, kimemng'ang'ania. Kumbe kutwa nzima, mbele ya ule mkuki, alikuwa amejikunja kumkinga mwanawe.

"Mwenzangu," nikamwambia, "nisamehe."

Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Akakiona kisu, akakiona na kitoto. Akavua kofia.

"Panda," akasema. "Tuwahi zahanati."

Mtoto alipona, alhamdulillahi. Lakini alikohoa miezi miwili, na kila alipokohoa nililitaka lile gamba.