Waini Kavu na Matumbo ya Mama Mkwe

Leo mama mkwe amenishika nikidanganya, tena mezani kwake.

Mimi na bwanangu tulikuwa kwake Kaloleni kwa chakula cha mchana. Nilibeba chupa ya waini nyekundu, ile kavu isiyo na sukari, kwa sababu miezi mitatu sasa najifunza kunywa waini na nimeambia kila mtu naielewa.

Nikajimiminia kidogo kwa glasi ya kunywea maji. Nikazungusha, nikanusa, nikanywa.

"Tamu sana," nikasema.

Mama (huyu ni mtu wa kwaya ya kanisa, nilidhani waini hata hataitazama) akaniangalia vizuri.

"Tamu, na umekunja uso hivyo?"

Bwanangu akajifanya anasoma simu. Haki nilitamani kupotea.

Nikakubali tu. "Mum, kusema ukweli ni chungu. Huwa nakunywa nionekane najua."

Hakunicheka. Akanisukumia sahani ya matumbo, yale ya kukaanga na pilipili.

"Kula hii kwanza. Halafu unywe polepole."

Nikala. Nikanywa.

Jamani! Ule uchungu ukatulia, waini ikawa laini, ikakata mafuta yote mdomoni. Nikarudia. Mara ya kwanza nimeifurahia bila kuigiza!

Mama naye akaonja tone moja, akatikisa kichwa. "Mimi nitabaki na chai yangu. Lakini wewe sasa unakunywa kitu unachokipenda."

Na ni kweli. Waini kavu na matumbo, hapo hamnitoi.

Nyinyi je, waini yenu ya kwanza kuwaingia mliinywa na chakula gani?