Kamera Ndani ya Nailoni

Kitu cha kwanza ambacho mtu yeyote huona kwa mwalimu wa anatomia ni mgongo wake. Ukifungua mlango wa darasa wakati wa kipindi chake, hukutani na uso. Unakutana na shati jepesi lenye vumbi la chaki za rangi mabegani, na kisogo kilichonyolewa kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba mwenyewe anajua fika kuwa hicho ndicho kinachotazamwa. Husimama ameukabili ubao, huchora mifupa, na huongea na hiyo mifupa. Wanafunzi wa uuguzi pale chuoni wanamwita Mwalimu Mgongo. Jina hilo analijua na wala halimkeri. Husema kwamba mgongo ni kiungo chenye heshima zake.

Ukweli aliwahi kumwambia mkewe peke yake: nyuso humchanganya. Akigeuka akamwona mmoja tu anapiga miayo, pingili zote za uti wa mgongo humtoka kichwani na kutawanyika kama shanga zilizokatika uzi. Ubao haupigi miayo. Akiwa nao, yeye ni fundi wa maneno.

Mwaka huo, hata hivyo, kulikuwa na mwanafunzi mmoja ambaye hakuweza kuusikia hata huo mgongo. Alikuwa mpwa wake, binti wa dada yake. Binti huyo alikuwa ameanguka mtihani wa anatomia mara mbili, na kwa kanuni za chuo alibakiwa na nafasi moja tu. Akianguka tena, anafunga virago na uuguzi unaishia hapo. Na katika kipindi hichohicho chuo kilikuwa kimempanga kufanya mazoezi ya kazi katika hospitali ya mbali, wodini kutwa nzima, huku masomo ya marudio yakifundishwa chuoni kwa wale waliokuwepo.

Dada mtu alipiga simu, na hakuzunguka mbuyu.

"Wewe mdogo wangu, nani alikubeba mgongoni ulipokuwa hujui kutembea?"

"Wewe, dada."

"Haya. Sasa na wewe mbebe mwanangu."

Kwa hiyo mkuu wa chuo alipotangaza kwamba mihadhara itaanza kurekodiwa kwa video ili iwafikie walio mbali, mwalimu nusura aruke. Alijitolea kuwa katibu wa kamati ya kuchagua vifaa kabla hata kamati yenyewe haijaundwa.

Alifanya kazi hiyo kwa bidii ya mtu anayeposa. Jioni alizunguka madukani, akauliza, akapima, akajirekodi chumbani kwa simu yake huku mkewe akicheka jikoni. Alirekodi akiwa karibu, akarekodi akiwa mbali, akarekodi dirisha likiwa nyuma yake na kujiona amekuwa mweusi tii kama kivuli cha mwizi. Mwishowe akawa na jibu, tena rahisi: simu ya kawaida, stendi ndogo ya miguu mitatu, na maiki ya kubana kwenye kola.

Kikao kilifanyika katika ukumbi mdogo wa mikutano, ambao viti vyake vilikuwa bado ndani ya nailoni za dukani. Viti hivyo havikuwa vipya. Ila mtunza stoo, mama mmoja mwenye miwani na msimamo, alikuwa na sheria isiyovunjwa: mali ya chuo haivuliwi nailoni mpaka izinduliwe rasmi. Na kwa kuwa hakuna mgeni aliyewahi kupatikana wa kuzindua viti, wajumbe walikaa mwaka hadi mwaka wakinata, na kila mtu alipogeuka ukumbi mzima ulilia kwaru-kwaru.

"Picha ikiwa mbaya kidogo, mwanafunzi atavumilia," mwalimu alieleza, macho yake yakiwa ukutani. "Sauti ikipotea, somo limepotea. Ndiyo maana napendekeza tuanze na maiki."

Mkuu wa chuo aliinua maiki ya mfano iliyoazimwa dukani kwa vidole viwili, akaitazama kama mtu aliyetoa kitu ndani ya wali. Alikuwa mtu mwema, ila aliamini kwamba maendeleo ya kweli lazima yaonekane tangu getini.

"Mwalimu, mimi nakuheshimu sana. Lakini hebu nisaidie. Mgeni rasmi akija kuzindua, atakata utepe wa nini? Wa kibanio hiki?"

"Itabidi aletewe na miwani," alisema mtunza stoo, na viti vikacheka pamoja na waliovikalia.

"Chuo kinahitaji kamera," mkuu alimaliza. "Kamera yenye mwili."

Walikwenda dukani wote watatu. Muuza duka aliwapokea kama mashemeji, akawawekea mbele kamera nyeusi ndefu yenye pua ya kutisha.

"Hii, wakubwa, ni ya bei nafuu," alisema.

"Nafuu kuliko ipi?" mwalimu akauliza.

"Kuliko ile kubwa zaidi. Hii ukimpiga mtu, hata mawazo yake unayaona."

"Na sauti yake?"

"Sauti iko humohumo ndani."

"Kama mtu amesimama mbali, tena amegeukia ukutani?"

"Mzee, kwa nini mtu ageukie ukutani?"

Mkuu na mtunza stoo walimgeukia mwalimu. Mwalimu akajifanya anasoma maandishi ya kwenye boksi.

Kamera ikanunuliwa. Stendi yake ilikuwa ndefu kuliko mhubiri. Maiki iliachwa, maana fungu lake lilihamishiwa kwenye bango la uzinduzi, lililoandikwa kwa herufi kubwa kwamba chuo kinaingia katika enzi mpya. Kilichobaki ni mgeni rasmi. Mgeni aliahidi kuja, akaahirisha. Akaahidi tena, akapata safari. Kamera ikasimama kona ya darasa, imevikwa nailoni kutoka kichwani hadi magotini, kama mtu anayengoja mvua. Na mtihani wa mpwa ulikuwa unasogea.

Mwalimu alimfuata mtunza stoo ofisini.

"Mama, tuvue ile nailoni hata kwa kipindi kimoja."

"Mwalimu, wewe ukipewa zawadi ya harusi unaifungua kabla ya harusi?"

"Kuna watoto wanasubiri masomo."

"Pigeni hizo video. Nimekataa kupiga? Nimekataa kuvua. Si nailoni inaonyesha? Mbona mimi kamera naiona?"

"Wewe unaiona kamera. Kamera ndiyo haitatuona sisi."

"Hilo la kamera usinisingizie mimi."

Basi wakarekodi hivyohivyo. Waya wa umeme ulipitishwa kwa chini, kitufe kikabonyezwa kwa juu ya nailoni, na mwalimu akafundisha mifupa ya kiganja kwa moyo wake wote. Alichora kila kifupa kwa rangi yake. Akaongea kwa utamu ambao yeye mwenyewe aliusikia. Kesho yake video ikatumwa hospitalini, naye akakaa na simu mkononi, roho juu.

Mpwa alipiga wakati wa mapumziko ya mchana.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Umeiona?"

"Nimeiona. Sasa, mjomba, nisamehe nikuulize. Yule aliyesimama kule kwenye ukungu ni wewe au ni pazia?"

"Ni mimi."

"Tulibishana hapa. Wenzangu walisema ni pazia, kwa sababu lilikuwa linatikisika na haliongei."

"Hamkusikia chochote?"

"Tumesikia feni, mjomba. Feni tumeisikia mwanzo mpaka mwisho. Na kuna mtu alikohoa, huyo akapimwe kifua." Kisha kicheko kikamkauka. "Mjomba, nitaanguka tena, eh? Niambie tu ukweli nianze kumzoesha mama."

Mwalimu alimwahidi video nyingine, akakata simu. Jioni ileile alirudi mtaani, kwenye kibanda cha muuza vifaa vya simu, akajinunulia maiki ya kubana na stendi ndogo. Darasa lilipobaki tupu alifunga mlango, akazima feni, akaweka simu yake juu ya stendi ndogo.

Mambo hayakwenda kama alivyopanga. Akageuka kuitazama simu, maana aliamini video ni lazima uso. Jicho dogo la simu likamtazama, na lilikuwa linamsubiri kuliko darasa zima. Akasema "mifupa ya kiganja," akameza mate, akasema tena "mifupa ya kiganja," kisha akasahau kiganja kina nini. Alipojaribu mara nyingine, ulimi ulikuwa umeanza kukolea pale simu ilipolia. Alikuwa dada yake.

"Umefikia wapi?"

"Nilikuwa nimefika, dada. Wewe ndiye umenirudisha."

Alirudi nyumbani amenuna. Mkewe aliitazama ile video ya kigugumizi, akajikaza kisabuni asicheke, akashindwa.

"Baba watoto, mbona hapa umekaa kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti? Huyu simjui. Mimi nimeolewa na yule wa ubaoni."

Maneno hayo yalimkaa usiku kucha, na asubuhi akiwa anavaa shati mbele ya kioo, akacheka peke yake. Maiki ilikuwa kwenye kola. Kola inakwenda na mtu popote anapogeuka. Kwa nini basi ajitese kuangalia simu? Alienda darasani mapema, akaisogeza stendi hadi ubavuni mwa ubao, karibu, upande wa dirishani ili mwanga uangukie chaki. Akaiweka simu katika hali ya ndegeni ili dada yake asiweze kuingia. Kisha akafanya kile alichokifanya maisha yake yote: akawapa walimwengu mgongo, akaanza kuongea na mifupa.

Ilitoka safi. Mkono ulionekana ukichora, nusu ya uso ilionekana ikifurahia, na sauti ilikuwa ya mtu aliyekaa pembeni yako kitandani akikusimulia habari za majirani. Akafanya nyingine, na nyingine. Bega, nyonga, goti, kisigino. Mpwa alianza kupiga simu akiwa na maswali badala ya vilio. Alisema nyingine huzisikiliza tu akikunja mashuka, bila hata kuangalia, na mkono wake unachora wenyewe hewani hadi wagonjwa wanamwuliza anamfukuza nani. Video zikaruka kutoka simu hadi simu. Wanafunzi wa hospitali nyingine, ambao mwalimu hakuwajua, wakaanza kumsalimia kwa jina la Mgongo.

Mpwa akaingia kwenye mtihani, hukohuko hospitalini. Akatoka, akasema neno moja tu: "Nimeandika." Wasahihishaji walikuwa watu wa nje ya chuo, na majibu yangebandikwa baadaye hukohuko hospitalini.

Sifa zikamfikia mkuu wa chuo, naye akamwita mwalimu ofisini kwa uso wa sikukuu.

"Hizo video ni nzuri sana. Siku ya uzinduzi tutamwonyesha mgeni kazi ya kamera yetu."

"Mkuu, zile sikupiga kwa kamera. Nilipiga kwa simu."

"Simu ya nani?"

"Yangu."

"Na wewe ni wa nani?"

Mwalimu akafikiri. "Wa chuo."

"Basi imekwisha hiyo. Na hongera, mgeni amethibitisha."

Siku aliyoipanga mgeni ndiyo siku ambayo majibu ya mtihani yangebandikwa. Mpwa alimwahidi mjomba wake kwamba atampigia yeye kwanza, kabla ya mama yake. "Mama nikimwambia mimi atapiga kelele simu ipasuke. Wewe utamwambia taratibu, jibu likiwa zuri au likiwa baya."

Asubuhi hiyo bango la enzi mpya lilitundikwa, viti vya ukumbini vikatolewa nje vikiwa na nailoni zake, na kamera ikasimamishwa katikati, imefungwa utepe mwekundu shingoni juu ya nailoni. Hapo ndipo mkuu alipogundua jambo ambalo kamati haikulijadili. Kamera haiwezi kujirekodi yenyewe ikizinduliwa.

"Mwalimu!" aliita. "Ile simu yako iko wapi?"

Simu ikawekwa kwenye stendi yake ndogo, pembeni ya meza kuu. Maiki ya kola ikabanwa kwenye koti la mgeni rasmi, ambaye aliiuliza kazi yake na kuambiwa kwamba ni kifaa kidogo tu cha kusaidia. Mwalimu akabonyeza, na kwa amri ya mkuu akaiweka simu katika hali ya ndegeni, tukio lisikatike.

Mgeni akahutubia. Alisifu kamera. Alisifu walioichagua. Alisema kwamba kwa kuitazama tu, mtu anasikia elimu. Jua lilipanda, viti vikanata, na watu wakawa hawathubutu kujigeuza kwa kuogopa kelele. Mwalimu alisimama pembeni ya simu yake, akiitazama kama mtu anayetazama mlango wa chumba cha wagonjwa. Huko mbali karatasi ilikuwa imeshabandikwa ukutani, au ilikuwa inabandikwa. Huenda binti alikuwa anapiga na kuambiwa kwamba mjomba hapatikani. Huenda alikuwa analia. Huenda hakuwa analia.

Mgeni akashika mkasi. Mtunza stoo akaushika upindo wa nailoni kwa vidole vya adabu, kama shangazi aliyeshika shela ya bi harusi. Mkuu akamkonyeza mwalimu: angalia, usikose hapa!

Mwalimu Mgongo alinyoosha mkono akaigusa simu, akaiondoa katika hali ya ndegeni.

"Mwalimu, unafanya nini?" mkuu alinong'ona, meno yakiwa yamefungwa kwa tabasamu. "Ikilia je?"

"Ikilia nitapokea, mkuu."

Kisha akawageuzia meza kuu kisogo chake kilichonyolewa vizuri, akainama juu ya kioo cha simu. Nyuma yake mkasi ulifunguka na makofi yakajiandaa. Mbele yake vile vijistari vya mtandao vilianza kupanda, kimoja, kingine, na mwalimu akaweka kidole tayari.