Jeep Iliyokataa Kuvuta

Mimi si mtu wa subira, na ile jeep ilinikomesha. Ukiiwasha hapa nyumbani Alunguli inanguruma vizuri, hata majirani wanaisifia. Ipandishe kilima kidogo tu: moshi mweusi nyuma, mguu umekanyaga mpaka chini, na gari inajikokota kama mgonjwa. Nilikuwa naitukana kwa sauti, mama mzima, watu wamesimama wananitazama.

Siku nyingine ningecheka. Lakini binti yangu alikuwa na mimba kubwa, na daktari alituambia asijifungulie hapa: mtoto amekaa vibaya, na moyo wa mama yake unachoka. Aende hospitali ya Lubutu, na aende mapema. Mtu wa hali hiyo humpakii kwenye pikipiki, na njia ya Lubutu ni matope na vilima. Jeep isipovuta, nampoteza mwanangu. Ndivyo nilivyowaza, wala siongezi chumvi.

Nikaita fundi. Akachomoa filtre, lile chujio la hewa, akaipuliza. Bure. Akasema labda mazutu, dizeli yenyewe, yana maji. Tukamwaga yote, tukatia mengine. Moshi ule ule. Akaingiza vidole ndani ya turbo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini, akatikisa kile kijiti cha katikati.

"Mama, turbo iko muzima," akasema. "Hewa njo inapotea njiani."

Akapaka maji ya sabuni kwenye mipira inayopeleka hewa kwa injini, mimi nikakanyaga mafuta, na kweli povu likatokeza kwenye kiungo kimoja. Pete ya chuma inayobana mpira ilikuwa imelegea. Akaikaza. Jeep ikapanda kilima mbio, turbo inapiga mluzi, na mimi peke yangu kwenye usukani napiga vigelegele.

Kesho yake, hoi tena. Pete imelegea. Ikakazwa. Siku iliyofuata pete iko ngumu kabisa, lakini kampira kembamba ka pembeni ya turbo kamechomoka. Sasa hii ni nini jamani? Fundi akakuna kichwa, akaniuliza kama kuna mtu anatuonea kijicho. Jirani akasema ni uchawi, tukaombewa, binti na gari pamoja. Jeep ikakataa vilevile. Nilichanganyikiwa, sikujua niamini nini. Nikaanza kuwatazama vibaya hata watu ninaosali nao.

Asubuhi moja nikarudi kutoka sokoni mapema, nimesahau funguo za kibanda changu cha biashara. Nakuta kapo ya jeep, kile kifuniko cha injini, iko wazi. Baba yangu ameinamia injini na turnevisi ya kufungulia skrubu mkononi. Mzee huyu alikuwa fundi wa reli maisha yake yote. Siku hizi akili inakwenda na kurudi, na ananiuliza kila mara kama treni imeingia. Lakini vidole havikusahau kazi: pete ilikuwa inafunguka.

"Baba! Unafanya nini? Unataka kumuua mjukuu wako?" Nililia kwa hasira, sikuona haya.

Akaniwekea kidole mdomoni. "Sema polepole, mama. Gari ikiwa na nguvu, watachukua."

Hapo nikakumbuka. Wakati wa vita, mji umefungwa na treni haiji, watu wenye bunduki walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba wakitafuta magari. Wengine walifukia magurudumu yao kwenye mihogo. Baba yeye aliitia jeep ugonjwa: alilegeza pete hii hii. Wakaijaribu mpaka kona, ikatoa moshi, wakamtukana, wakaiacha. Sisi ndani tulicheka tumeziba midomo. Lakini pikapu ya jirani ilikuwa nzima. Waliichukua pamoja na dereva wake, na dereva alikuwa kaka yangu mkubwa. Walishika njia ya Lubutu. Hakurudi.

Na mimi, tangu daktari aseme, nilikuwa naimba Lubutu, Lubutu, mbele ya mzee kila siku.

"Baba, vita ilikwisha," nikamwambia.

"Ile pikapu haikuwa inavuta," akasema. "Kaka yako alikuja kuniomba. Mimi njo niliitengeneza. Nilikaza, ikavuta muzuri sana." Alinitazama kama mtu anayeuliza njia. "Kwa nini nilikaza?"

Miaka yote hiyo hakuwahi kutuambia. Hasira ikaniisha. Nikashika mkono wake, pamoja na turnevisi.

"Kaza, baba. Mutoto anateseka. Nitarudi, naapa kwa Mungu."

Alikaza huku analia. Nilijaribu mpira kwa mkono, haukucheza. Tukaondoka siku hiyo hiyo, binti amelala kiti cha nyuma, na jeep ilipanda kila kilima.

Tuliporudi na binti yangu na mtoto mchanga, mzee alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya barabara. Majirani walisema amekaa pale tangu tuondoke, hata mvua ikinyesha wanamwingiza kwa nguvu. Binti akamnyooshea kitukuu wake. Mzee hakumtazama mtoto. Alinishika uso kwa mikono miwili, akaniita kwa jina la kaka yangu.

Nikaitika.

"Ndiyo, baba. Nimerudi."