Ile Barua Yangu Nzuri ya Kizungu

Msinicheke, lakini tangu Ijumaa naogopa hata kusalimia watu ofisini.

Niliajiriwa kuwa karani kwa sababu ya barua ya kuomba kazi. Ilikuwa na Kiingereza kizito, semikoloni kila mahali, sentensi zimeungana vizuri. Niliandikiwa na mwenye saiba mmoja, duka la intaneti, katika mtaa uitwao Tena. Aliniambia niikariri kabla ya intavyu. Mimi nikatia sahihi, nikaenda zangu.

Wiki jana bosi wetu, Madam Nekesa, akaniita. "Mwikali, makarani wenzako wanaunga sentensi vibaya. Ijumaa utawafundisha semikoloni na viunganishi."

Siku tatu nilitafuta msaada. Nikimpigia mwenye saiba, simu imezimwa.

Ijumaa nikasimama mbele ya makarani wanne.

"Tuandikie ubaoni sentensi ya kwanza ya barua yako," madam akasema.

Nikaandika neno moja, nikakwama. 

Karani mmoja, Otieno wa mtaa wa Umoja, akanihurumia. Akaimalizia sentensi yangu kwa sauti, neno kwa neno, hata semikoloni akaitaja. Mwenzake Wambua akadakia ya pili. Kufikia ya tatu, wote wanne walikuwa wanakariri pamoja, kama Baba Yetu kanisani.

Kisha wakatazamana.

Madam akavua miwani. "Kumbe nyote mliandikiwa na mtu mmoja," akasema polepole. Halafu akanigeukia.

"Na wewe, Mwikali, mbona ni wewe tu huijui?"