Kitenge Juu ya Boneti

Mtu akikuambia kwamba kazi ya shahidi ni kuangalia tu, mpeleke kwa Esteri wa Kibondo. Esteri hakuomba ushahidi, aliomba mahali pa kupikia. Alipofiwa na mumewe alitoka kijijini kwao Titye, akapata kiwanja kidogo mkabala na kituo cha polisi, akasimamisha mabati na mafiga, akaanza kuuza ugali wa muhogo na maharage ya mawese. Wateja wake wa kwanza walikuwa askari. Na askari, mnawajua, wakishashiba kwako mara mbili hukufanya mtu wa nyumbani. Basi kila gari lililokamatwa lilipoingizwa yadi, sauti ilivuka barabara kumfuata kwa jina la mwanawe: Mama Sylvesta, tunakuhitaji kidogo.

Utaratibu ulikuwa hivi. Gari likizuiwa halipekuliwi kimyakimya. Lazima awepo mwenyewe, au aliyekutwa nalo, na pembeni asimame raia ambaye si askari wala si ndugu wa yeyote katika jambo lile. Hapo vitu hutolewa kimoja kimoja, hata kama ni kandambili iliyokatika. Askari anakitaja kwa sauti, raia anajibu "nimekiona", kinaandikwa, na mwisho wote wanatia sahihi. Kesho mwenye gari asilalamike kuibiwa jeki, na polisi wasisingiziwe kumpachikia mtu kitu ambacho hakuwa nacho. Esteri aliona ni haki, akaizoea. Aliwahi kujibu "nimekiona" kwa mbuzi hai chini ya turubai, na kwa meno ya bandia ambayo Koplo Khatibu alikataa kuyashika mpaka aletewe mfuko. Siku hiyo Esteri alimtania sana, kwamba afande wa kukabiliana na majambazi anaogopa kung'atwa na meno yasiyo na mwenyewe.

Lakini miaka ile haikuwa ya kucheka kwa muda mrefu. Kwenye mapori ya kuelekea Kasulu magari yalitekwa, na mabasi yalipita yakisindikizwa na askari wenye silaha. Tena mwaka mmoja kabla ya kisa hiki kulikuwa na msako wa wahamiaji. Watu ambao baba zao walivuka kutoka Burundi zamani walilala na vyeti vyao chini ya mto. Esteri ni mmoja wao. Amezaliwa Titye, ni raia kamili, lakini alijua jinsi neno "kwenu" linavyoweza kutamkwa na mtu aliyekasirika.

Gari la Hilali lilikamatwa mwaka 2014, wakati wa kiangazi, mchana, vumbi jekundu likitimka. Hilali alikuwa mfanyabiashara wa Kasulu, mtu wa chumvi na sabuni, mpole wa kuongea. Alisimamishwa kwenye kizuizi akiendesha pikapu yake mwenyewe. Kabla askari hawajaisogelea, mtu aliruka kutoka nyuma juu ya mizigo akapotelea msituni. Hilali akaeleza kwamba ni abiria tu aliyeomba lifti njiani, hamjui jina wala kwao. Nani angemwamini? Akafungwa pingu, gari likaletwa yadi, na Esteri akaitwa. Alikuwa amejifunga khanga juu ya nguo zake kama kawaida yake, moshi usimharibie, akavuka hivyo hivyo.

Khatibu akaanza. Tairi la akiba. Nimekiona. Jeki na spana. Nimekiona. Magunia ya chumvi yakashushwa. Chini kabisa, kwenye kona ya bodi, kukatokea furushi refu limezongwa kitambaa na kamba ya katani. Khatibu aliikata kamba, akafunua, na watu wote wakarudi nyuma. Ilikuwa bunduki ya kijeshi, kitako chake kimekatwa.

"Wallahi, afande, hii naiona sasa hivi pamoja na wewe," Hilali akasema.

"Wote huziona pamoja na mimi," Khatibu akajibu, akaiweka chini kwa uangalifu, kisha akakitandaza kile kitambaa juu ya boneti.

Hapo ndipo Esteri alipokitambua. Kitenge cha kijani, maua ya manjano, na kwenye pindo alama ya kuungua, ndogo kama ukucha. Ile alama aliitia yeye mwenyewe, kwa cheche ya pasi ya mkaa. Mdogo wake Mpawenimana alipooa, Esteri alinunua kitenge kimoja akakikata mbele ya wageni. Kwao wanafanya hivyo: dada wa bwana harusi na bibi harusi wanagawana kitambaa, kuonyesha kwamba kuanzia siku ile stara yao ni moja. Kipande chenye alama kilimwangukia wifi yake, Claudine, wakacheka, wakasema ndoa imeshapigwa chapa. Kipande cha pili kilikuwa kiunoni mwa Esteri wakati ule ule, chini ya khanga.

"Kitenge kimoja, cha kijani, chakavu," Khatibu akataja.

"Ego," Esteri akajibu, akiitikia ndiyo kwa lugha ya nyumbani.

"Mama, hapa hatuandiki Kirundi."

"Nimekiona."

Upepo ukavuma. Akaishika khanga kwa mikono miwili. Akilini alikuwa akimwona Mpawenimana wa siku za karibuni, aliyepungua mwili, asiyetaka kuulizwa habari za wageni waliofika shambani kwake. Alimwona Claudine na watoto. Nje ya ua wa kituo watu walikuwa wamejazana wakichungulia, na hakujua ni nani kati yao alikuwa pale kwa udaku na nani alikuwa pale kwa sababu ya ile bunduki.

Khatibu akamsogezea kalamu. Karatasi yote ilikuwa kweli tupu, hakuna neno la kubuni hata moja. Angetia sahihi, arudi kwenye sufuria lake, na kweli ile ile imfunge mtu ambaye kosa lake ni kumpa mtu lifti.

Hilali akamtazama. "Dada yangu," akasema polepole, "wewe si mtu wao, wala si mtu wangu. Kama kuna ulichokiona, na mimi niambie."

Esteri akaiweka kalamu juu ya boneti. Akalivuta fundo la khanga mpaka likafunguka.

"Afande, hujamaliza kuandika," akasema. "Kipande chake kingine ni hiki."

Utani wote wa miaka ulikauka usoni mwa Khatibu. Hakumkaripia, na hilo ndilo lililomtisha zaidi Esteri. Alimwambia tu kwamba kuanzia hapo hawezi kuwa shahidi. Fundi viatu wa jirani akaitwa, na orodha ikaanza upya kutoka kwenye tairi la akiba. Esteri akaagizwa aingie kwa askari wa kike, akavua kitenge, akatoka amejitanda khanga peke yake. Vipande viwili vikaunganishwa juu ya boneti, ua likakutana na ua. Fundi viatu akasema: nimekiona.

Kisha wakampakia kwenye gari lao awaonyeshe njia. Mpawenimana hakukimbia tena. Walimkuta amekaa mlangoni, miguu imechanwa na miiba. Alisema watu walimletea ule mzigo, wakamwamuru aufikishe Kasulu, la sivyo nyumba ingechomwa na watoto wakiwa ndani. Majina yao hakuyajua, au hakuthubutu kuyasema. Akachukuliwa. Hilali akaachiwa baadaye, gari lake likakabidhiwa pamoja na kila kilichoorodheshwa.

Claudine hakulia mbele ya askari. Alimwambia wifi yake jambo moja tu: "Wewe umemwokoa mtu wa Kasulu. Mimi na wanangu, wale watu wakirudi, atatuokoa nani?"

Esteri alirudi kupika. Kila mgeni aliyeketi kula, Esteri alimtazama mikono kabla ya uso, kama ameshika silaha. Wiki zikapita, mpaka mchana mmoja mwanaume asiyemjua alikula akamaliza, akanawa, akauliza kwa adabu kama yeye ndiye dada yake Mpawenimana. Esteri akasema ndiye. Yule mtu akaitikia kwa kichwa, akashukuru kwa chakula, akaenda zake.

Alikuwa jamaa? Alikuwa wa wale wenye bunduki? Hajui mpaka leo. Ila alizima moto maharage yakiwa mabichi, akaenda moja kwa moja mpaka kwa Claudine. Wifi alisimama mlangoni bila kumkaribisha. Esteri akapita ubavuni mwake, akambeba mtoto mdogo mgongoni, akaanza kukusanya vyombo wakalale kwake. Baada ya muda Claudine akaja, akashika upande wa pili wa godoro.